Gauni Jeusi na Jiwe la Umbilo

Tulikuwa tunatafuta nguo ya kumzikia Mama. Nilifungua kabati lake, lile la mbao ambalo mlango wake haujawahi kufunga sawasawa, na kabla sijaona kitu harufu ikanipiga puani: rangi nyeusi ya kuchovya nguo, ile ya unga inayouzwa kwa vipakiti. Kilikuwa kimebaki kimoja, kimefunguliwa na kubanwa tena kwa kibanio cha nywele. Nilikaa sakafuni nikashindwa kunyanyuka. Wapo wanaonusa chapati au sabuni ya kipande wakawakumbuka mama zao. Mimi wangu namkumbuka kwa sufuria ya rangi ikichemka.

Ninyi wa rika langu mliolelewa na mama waliovaa vitenge vya maua mtanisamehe nikianza kwa hasira. Mama yangu alivaa nyeusi utoto wangu wote, na hata baada ya utoto wangu kwisha. Nguo nyeusi hupauka. Kwa jua la Durban na sabuni ya unga, gauni lake liligeuka kijivu kwanza, halafu mabegani likaingia rangi ya kutu. Kila lilipofika hapo Mama alitoa sufuria ambayo haikupikiwa kitu kingine, akatia maji, chumvi na kile kipakiti, akalichemsha gauni huku akilikoroga kwa mpini wa ufagio. Fleti yetu ya Overport, ghorofa ya tatu, ilijaa mvuke uliokwaruza koo. Viganja vyake vilibaki vyeusi hadi vifundoni, na kesho yake ilimbidi aende saluni kusuka vichwa vya watu kwa viganja hivyo hivyo. Wateja wengine waliviangalia, wakasema wamekumbuka shughuli nyingine, wakaondoka.

Kuhusu Papa niliambiwa jambo moja tu, kwamba alikufa kwa vita, huko kwetu Kivu, kabla sijajua kutembea vizuri. Kwa watu wetu desturi haina utata. Mjane huvaa nyeusi mwaka mmoja, au zaidi kidogo. Kisha ndugu wa marehemu hukusanyika, humpeleka kaburini, humfungua kitambaa cheusi alichojifunga kichwani, humwosha uso na kumvika kitenge kipya. Baada ya hapo watu wanakula na kucheza, na yeye amerudi kuwa mtu. Wazazi wetu waliita jambo hilo kutosha deuil, yaani kumvua mtu msiba, kwani kwao kutosha ni kutoa. Kabla ya siku hiyo mjane haimbi kwaya, hachezi kwenye arusi wala hamsuki bibi arusi, na mwanamume anayemtaka ni lazima angoje.

Anayefungua kitambaa ni ndugu wa mume. Katika Durban nzima ndugu wa mume alikuwa mmoja, Tonton, mdogo wake Papa, ambaye ndiye aliyetuvusha mipaka yote mpaka tukafika hapa. Na Tonton alikuwa amesema neno lake: bila kaburi, hakuna kutosha deuil.

Basi nyumbani kwetu kulikuwa na kitu kimoja kinachongojewa, nacho ni kaburi. Watoto wengine wa jengo letu walingoja televisheni mpya, au baba arudi kutoka Johannesburg. Sisi tulingoja kaburi.

Kazi ya Tonton ilikuwa kuendesha kombi ya watalii. Aliwachukua bandarini waliposhuka melini, au kwenye hoteli za ufukweni, akawapeleka kuona mahali ambapo watu waliuana zamani. Nchi hii ina mahali kama hapo pengi, na pote pametunzwa vizuri. Palikuwa na uwanda, mbali huko bara, wenye marundo ya mawe yaliyopakwa chokaa, na chini ya kila rundo wamelala askari pamoja. Kilima cha Bluff kilikuwa na vyumba vya zege vya mizinga iliyolinda bandari, vyenye giza na harufu ya mkojo. Mjini, kwenye bustani iliyo mbele ya City Hall, ulisimama mnara mrefu wenye malaika wawili wa vigae vya rangi wanaoinua roho ya askari. Viti vikibaki vitupu, Tonton alitubeba mimi na Mama nyuma kabisa, kwa sharti kwamba Mama asiongee na watalii. Watu waliokuja likizo, alisema, hawapendi kuona deuil.

Tonton alikuwa hodari wa kazi yake, hilo sitamnyima. Alivaa kofia ya kahawia yenye ukingo mpana, na alikuwa na sauti ya padri. Alisimama kati ya yale mawe akawaeleza watalii kwa Kiingereza nani alitokea upande gani, nani alikimbilia mtoni, nani alibaki amelala kwenye nyasi bila msaada. Akifika hapo sauti yake ilikwama. Kisha alivua kofia, akaiweka kifuani, akainamisha kichwa, na watu wote wakanyamaza mpaka ukasikia upepo kwenye nyasi. Wanawake wa kizungu walifuta machozi. Wakati wa kushuka garini walimshika mkono kwa nguvu na kumwachia bahashishi nono.

Sasa nieleze jinsi nilivyoyaelewa mambo hayo, maana niliyaelewa kwa namna yangu. Nyumbani kwetu vita vilikuwa vimoja. Hakuna aliyesema vita vipi, wala vya nani na nani. Papa alikufa kwa vita, tulikimbia vita, vita vikiisha tutarudi. Kwa hiyo Tonton alipopiga breki akatangaza kwamba hapa ndipo palipopiganwa vita, mimi nilijua tumefika penyewe. Nilishangaa kidogo kwamba kumbe si mbali, unapita tu Pietermaritzburg na mashamba ya miwa. Nilikimbia kutoka rundo moja la mawe hadi jingine nikiinama na kuchungulia kwenye nyufa, na nilipoulizwa natafuta nini nilijibu, "Papa." Watalii walidhani nacheza, wakatabasamu.

Siku moja alikuja mzee wa kizungu na mkewe. Walitoka ng'ambo ya bahari, na walikuwa na uso wa watu wanaokwenda hospitali kumwona mgonjwa. Tulipofika kwenye jiwe lenye majina mengi, mzee alipitisha kidole juu ya maandishi polepole, mstari kwa mstari, halafu kidole kikasimama. Akaanza kulia kwa sauti kama mtoto, mabega yakiruka. Alikuwa amempata kaka wa babu yake. Tonton alikuwa mbali anakunywa maji, lakini alipoona hivyo alikuja mbio mbio na kuvua kofia.

Tangu siku hiyo nilijua maana ya kofia. Tonton akivua kofia, maiti ya mtu imepatikana.

Nilijua pia kwamba jambo hili linakwenda kwa foleni. Mimi na Mama tulikuwa wazoefu wa foleni. Tulikwenda kwenye ofisi ya makaratasi ya wakimbizi, tukakaa chini nje ya ukuta na mkate na chupa ya chai, na mlinzi akatoka akaita majina. Walioitwa waliingia. Wasioitwa walirudi siku nyingine, na hata ulie namna gani haikusaidia. Niliona wafu nao wanatolewa kwa utaratibu huo. Leo ni zamu ya mzee wa ng'ambo, kesho ya mwingine, kisha itafika yetu.

"Mama," nilimwuliza garini tulipokuwa tunarudi, "sisi watatuita lini?"

Mama aliangalia dirishani, miwa ikipita. "Siku yetu iko," alisema. "Tungoje tu."

Nimekuwa nikilifikiria jibu hilo kwa miaka. Zamani nilidhani hakuelewa swali langu. Siku hizi naamini alilielewa barabara, na kwamba naye alikuwa kwenye foleni ile ile.

Halafu kulikuwa na Papa Elia. Huyu hakuwa ndugu yetu. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha rangi za nyumba huko Jacobs, na Jumapili aliimba sauti ya chini kwenye kwaya. Alikuja kwetu baada ya ibada na mfuko wa machenza, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mlango ukiwa wazi ili majirani wasije wakasema. Alinimenyea chenza ganda likatoka zima bila kukatika. Kucha zake zilikuwa na rangi ya kiwandani, wiki hii kijani, wiki ijayo krimu, na za Mama zilikuwa nyeusi. Waliwahi kuwekeana mikono mezani kulinganisha, wakacheka. Nasema wakacheka kwa sababu ni mara chache sana nilimwona Mama akicheka mpaka akafunika mdomo.

Papa Elia alifuata heshima. Alikwenda kwa Tonton kuomba. Tonton alimkaribisha, akampa soda, akamjibu, "Mujane wa ndugu yangu ni mujane wa ndugu yangu. Deuil haiyatoka. Ngoja kwanza tupate tombe, kaburi yake."

"Na tutaipata wapi, mukubwa?" Papa Elia aliuliza. "Kule vita haiyaisha."

"Donc, utangoja," Tonton akasema.

Aliyeleta wazo la jiwe alikuwa dada Wanjiru, Mkenya aliyepanga chumba jirani na sisi, mwanafunzi wa chuo kikuu. Alikuwa mmoja wa wachache ambao hawakuogopa viganja vya Mama. Alikuja kusukwa jikoni kwetu, akakaa chini kati ya magoti ya Mama, akasoma vitabu vyake huku kichwa kimevutwa nyuma. Jioni hiyo Mama alimweleza habari ya kaburi, na dada Wanjiru akafunga kitabu.

"Lakini Mama Zawadi, si hata hao wazungu walikosa watu wao wengi?" alisema. "Kwa vita kubwa hawakupata hata mfupa. Wakachukua mmoja ambaye hakuna mtu alijua ni nani, wakamzika na heshima zote. Sasa kila mtu hana kaburi analilia hapo. Haulizwi kama huyu ni wako ama si wako."

Mikono ya Mama ilisimama. "Na kanisa inakubali ile?"

"Kanisa ndiyo ilibariki. Hata hapa Durban kuna mawe hayana jina. Nimeyaona huko Umbilo."

Mama alirudi kwenye nywele. Alisuka mpaka mwisho, akachoma ncha za nywele kwa maji ya moto, akafagia. Lakini Jumamosi iliyofuata aliniosha, akanivalisha soksi nyeupe, tukapanda taxi na dada Wanjiru kwenda kwenye makaburi makubwa ya Umbilo.

Sehemu ya wanajeshi ilikuwa imepangwa vizuri kuliko mtaa wetu. Mawe yalikuwa meupe, yote kimo kimoja, na nyasi zilikatwa asubuhi ile ile, kwa hiyo hewa ilinukia mbichi mpaka mate yalijaa mdomoni. Kwa mbali malori ya bandarini yaliunguruma mlimani. Nilikuwa nimeanza kujua kusoma, nikapita nikiyasoma majina kwa sauti, na Mama nyuma yangu. Karibu na mwisho wa safu nilinyamaza. Jiwe lilikuwa na alama ya msalaba na neno la askari, lakini pale pa jina hapakuwa na jina.

Mama alipiga magoti. Alifuta kinyesi cha njiwa kwa pindo la gauni lake jeusi. Halafu alisema, taratibu, kama mtu aliyefika mlangoni kwa watu, "Hodi."

Dada Wanjiru aliondoka akaenda kusimama mbali. Mimi niliinama nikaweka chenza chini ya jiwe. Sikuwa na shaka yoyote. Tumeitwa, niliwaza, na jina halikuandikwa kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa bado hatujafika kulisema.

Jioni Mama alimwambia Tonton. Alikuwa amekuja kutuletea unga, amesimama kwenye ngazi nje ya mlango wetu. "Tonton Zawadi," Mama alimwita kwa heshima, kupitia jina langu, "nimepata tombe ya ndugu yako."

Tonton alikaa kwenye ngazi. Uso wake ulipata rangi ya majivu. Nilifurahi sana kuona hivyo, kwani nilidhani hiyo ndiyo furaha ya watu wazima.

"Wapi?" aliuliza hatimaye. "Nani alikuambia? Ni nani alimuona?"

"Utaiona siku yenyewe. Kuja tu, utoshe deuil yangu."

Nakumbuka maandalizi yale kuliko Krismasi zote za utoto wangu. Mama alinunua kitenge cha njano chenye ndege wa bluu, akakipeleka kwa fundi, akakijaribu mlango umefungwa, akakivua haraka kana kwamba kitamuunguza. Mama wa kanisani walipika sombe, kisamvu chetu, na samaki na sufuria kubwa ya wali. Papa Elia alinyoa, akaja na shati jeupe, akasimama nyuma kabisa ya watu ili asionekane ana haraka. Tulifika Umbilo asubuhi, jua zuri, tukatandika mkeka kwenye nyasi. Kulikuwa na beseni la maji, sabuni mpya, taulo jipya. Mama alipiga magoti mbele ya jiwe, mgongo umenyooka, kitambaa cheusi kichwani, akangoja mkono wa shemeji yake.

Tonton alikuja na suti na ile kofia ya kahawia. Alitembea kati ya mawe polepole, akiyaangalia yote. Alipofika kwenye jiwe letu alivua kofia akaiweka kifuani.

Ningepiga kelele kwa furaha kama dada Wanjiru asingenishika mdomo. Kofia ilikuwa imevuliwa.

Halafu Tonton aliinama akasoma. Alisoma tena. Rangi ya uso wake ilirudi, na nitasema kitu ambacho nilikiona kwa macho yangu nikakielewa nikiwa mtu mzima: alipumua, kama mtu aliyeponea chupuchupu. Akarudisha kofia kichwani.

"Huyu haiko ndugu yangu," alisema.

Mama hakugeuka. "Najua."

"Huyu ni muzungu. Askari ya Bangereza. Munanileta hapa kutosha deuil kwa tombe ya muzungu?"

"Unajuaje ni muzungu?" Mama aliuliza, bado amepiga magoti. "Hakuna mwenye kumujua. Hata mama yake hakumujua iko wapi. Na mama ya bwana yangu vilevile. Tonton Zawadi, nakuomba. Kila siku unatosha kofia kwa wafu ya wengine. Tosha hii moja kwa ndugu yako."

Mmoja wa mama wa kanisani alisema, "Shemeji, tafadhali, ni kitambaa tu." Tonton alitazama lile beseni, akatazama mkono wake mwenyewe, ule wa kulia, kama ni wa mtu mwingine. Kisha akageuka na kuondoka kati ya mawe meupe mpaka kwenye kombi. Tulisikia mlango, kisha injini.

Hakuna mtu mwingine aliyeweza kufungua kile kitambaa. Wale mama wa kanisani walikuwa wema, lakini walikuwa watu wa desturi, na kila mmoja alimwangalia mwenzake. Papa Elia alipiga hatua moja mbele, na Mama, bila kumtazama, akatikisa kichwa. Kama angefungua yeye, watu wangesema mpaka leo. Maji ya beseni yalimwagwa kwenye nyasi. Ile sombe ya sherehe tuliila nyumbani siku baada ya siku mpaka ikachacha, na mimi sijaweza kuila tena.

Papa Elia alingoja. Alingoja kwa muda ambao ulitosha mimi kubadili viatu vya shule mara kadhaa. Halafu alioa binti mmoja wa kwaya, mtu mzuri, simlaumu. Mama hakuruhusiwa hata kumsuka bibi arusi. Siku ya arusi alichemsha gauni lake.

Tonton alitueleza kwamba amefanya hivyo kwa ajili ya heshima ya ukoo, na watu walimsifu kuwa ni mtu anayeshika mila. Aliendelea kutuletea unga. Mimi sikupanda tena kombi yake. Shuleni mwalimu wa historia alichora mstari ubaoni akatuwekea vita juu yake, vimoja baada ya vingine, na hapo ndipo nilipojua kwamba vilikuwa vingi na kwamba vyetu havimo. Niliona nimeibiwa. Nilikuwa nimeinama kwenye nyufa za mawe ya watu, nimelia kwenye vita vya watu, nimenyamaza kila waliponyamaza. Huko Port Elizabeth nasikia kuna mnara hata wa farasi waliokufa vitani. Mji huu umejaa Wakongo, wanasuka, wanatengeneza simu, wanalinda magari, na hakuna jiwe hata dogo kama tofali linalosema kwamba watu wao nao walikufa. Nikipita mbele ya City Hall sasa, wale malaika wa vigae nawaangalia kwa jicho baya.

Mama aliendelea kwenda Umbilo peke yake. Hakuzungumzia. Nilijua kwa sababu ya nyasi zilizokatwa zilizonata kwenye pindo la gauni.

Alifia hospitalini, mchana, watu wengi wakipita na vitoroli vya chakula. Nilipoona hapumui tena, nilikifungua kitambaa cheusi mimi mwenyewe. Fundo lilikuwa gumu, ilinibidi nitumie meno. Chini yake nywele zilikuwa nyeupe zote, na sikujua, maana hakuwahi kunionyesha.

Ndiyo maana siku ile nilikuwa sakafuni mbele ya kabati, na dada Wanjiru, ambaye sasa anafundisha chuo kile kile alichosomea, amekaa kitandani. Yeye ndiye aliyekivuta kitenge kutoka chini kabisa. Kilikuwa kwenye mfuko wa nailoni na vidonge vya kuzuia nondo, njano yake haijapauka hata kidogo, ndege wa bluu kama wametoka dukani. Tulikitandaza. Kabla hatujasema kitu mlango uligongwa, na alikuwa Tonton, na fimbo, na kofia yake mkononi. Ngazi za ghorofa tatu zilikuwa zimemmaliza pumzi.

Aliona kitenge. "Hapana, mutoto yangu," alisema. "Muvalishe nyeusi. Deuil yake haikutoka. Hawezi kwenda kule na rangi."

"Kitambaa kimekwisha kufunguliwa, Tonton."

"Nani alifungua?"

"Mimi."

Alikaa kwenye kigoda cha Mama cha kusukia. Nilidhani atanigombeza, na nilikuwa tayari, nilikuwa nimejiandaa tangu Umbilo. Badala yake alianza kuongea akiangalia fimbo.

"Papa yako alipigwa risasi ya muguu," alisema. "Nilimubeba mpaka kwa daraja. Bale watu ya bunduki walikuwa karibu. Akaniambia, niache hapa chini, enda na bibi yangu na mutoto, utanirudilia. Nikamuambia, nitarudi. Alikuwa muzima, Zawadi. Alikuwa anaongea. Aliniomba maji."

Dada Wanjiru aligeukia dirishani.

"Sasa kama natosha deuil," Tonton alisema, "ni kusema alikufa pale. Na kama alikufa pale, ni mimi nilimuacha. Mama yako aliposema amepata tombe, nilizani mutu alimuona. Nilizani anajua yote."

Nilimwelewa. Nasema kweli, nilimwelewa mara moja, na kumwelewa hakukunipunguzia hasira hata chembe. Papa mwenyewe alimwambia aende, na mimi ni yule mtoto aliyebebwa, niko hai kwa sababu alikwenda. Kwa hilo simdai neno. Lakini alikuwa na msiba wake na alitafuta mtu wa kumvalia, akampata Mama, akamwacha humo mpaka nywele zikaisha weusi. Alijua kuwalilia wafu wa watu wote waliolipa nauli. Mama alichemsha lile gauni, akaunguza viganja, akakosa wateja, akamkosa Papa Elia, na wakati wote huo hakuwa akivaa msiba wa mumewe. Huo aliumaliza siku aliyosema hodi.

Nililichukua gauni jeusi kwenye msumari wa nyuma ya mlango. Bado lilikuwa na harufu ya rangi na ya kwapa lake, na karibu nibadili nia. Nililikunja vizuri, mikono ndani, nikalitia kwenye mfuko wa plastiki wa duka, nikaweka juu yake kile kipakiti kilichobanwa.

"Hili ni la kwako, Tonton," nilimwambia. "Lichukue uende nalo. Likipauka, chumvi usisahau."

Alisimama kwa shida. Kwetu kitu cha heshima hupokelewa kwa mikono miwili, na hata pale hakusahau adabu, kwa hiyo aliegemeza fimbo ukutani, akairudisha kofia kichwani, akaupokea mfuko. Alishuka nao ngazi akipapasa ukuta. Fimbo yake ilibaki kwetu, na sikumwita.